RAM Tutaongeza Baada ya Mavuno

Mama Upendo ananihesabia. Anasema tangu tumalize chai nimeinuka kwenye kiti hiki mara tisa. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama geti limefungwa, likawa limefungwa. Mara ya pili nilikwenda kuhakikisha kwamba nilivyoona mara ya kwanza ni kweli. "Baba Upendo," akaniuliza, "umestaafu kazi au umestaafu kukaa?" Nikamjibu kwamba naandika. Akaja akachungulia kwenye kioo cha kompyuta, hakukuta hata mstari mmoja, akarudi jikoni anacheka.

Basi naandika. Nawaandikia nyinyi mliobaki dukani na wenzenu wa maduka ya jirani, mafundi wa kompyuta wa Babati mjini, ambao mkikusanywa wote hamjazi bajaji mbili. Vyeo sitavitaja, maana kwetu vilikuwa viwili tu: mwenye duka na asiye mwenye duka. Mshahara ni siri yangu na Mama Upendo, na hata yeye sikuwahi kumwambia wote.

Nilianza nikiwa kijana mwenye cheti cha kidato cha nne na mdomo mrefu. Mzee Salimu, Mungu amrehemu, alikuwa na kibanda karibu na stendi, anatengeneza redio na taipureta. Siku ya kwanza alinipa redio moja, akasema, "Fungua, safisha, funga." Nikafungua, nikasafisha, nikafunga. Zikabaki skrubu tatu. Nikatazama kushoto na kulia, nikazitia mfukoni. Mzee akaja, akaichukua redio, akaitikisa sikioni, kisha akaninyooshea kiganja. Nikazitoa. "Kijana," akasema, "skrubu inayobaki si zawadi." Nikaifungua upya nikiwa na haya usoni, na wateja wawili wamekaa wananitazama kama vile wamelipa kiingilio.

Mkoa wetu ulipoanzishwa na makao yake yakawekwa hapa, ofisi zikaja, na ofisi zikaja na kompyuta. Taipureta zikaanza kuwekwa juu ya makabati zikalala huko. Kompyuta ya kwanza kuletwa kwetu ilikuwa imezima, na kati yetu hakuna aliyewahi kuona ndani yake. Mzee Salimu alinawa mikono mpaka kwenye viwiko, akasema bismillahi, akafungua ubavu. Tukachungulia. Kulikuwa na vumbi la Babati la kutosha kukandika chumba, na katikati ya vumbi mjusi aliyekauka. Tukamtoa mjusi, tukapiga brashi, ikawaka. Kwa mwezi mzima mjini tuliitwa mabingwa wa kompyuta, na kazi tuliyoijua ilikuwa moja tu, ya kutoa mijusi.

Lakini mzee alikuwa anajifunza haraka kuliko mimi. Mteja mmoja alimwuliza prosesa ni nini na RAM ni nini, mbona kila mtu anazitaja. Mzee akamshika mkono, akamvusha barabara mpaka kwenye mashine ya kusaga. "Unaiona mota ile? Hiyo ndiyo prosesa. Unaliona bakuli la juu wanakomiminia mahindi? Hilo ndilo RAM. Yale magunia kwenye kona ndiyo diski, hata umeme ukikatika yapo palepale." Mteja akauliza, sasa anunue kubwa ipi? Mzee akasema, "Ukiwa na mota kubwa na bakuli la kikombe cha chai, mota itasaga upepo. Ukiwa na bakuli kubwa na mota ya cherehani, mahindi yatalala humo mpaka yaote." Nimewahi kusoma vitabu vya kigeni kuhusu jambo hilohilo, vinene, na sikuona kilichozidi pale.

Vifaa vyangu mnavijua, vingine nimewaachia. Bisibisi ya sumaku, brashi ya rangi, mita ya kupimia umeme, na kifutio. Kwenye kifutio vijana huwa mnacheka. Katibu muhtasi wa ofisi moja aliwahi kuletewa mafundi kutoka Arusha, wamevaa fulana zinazofanana, wakatangaza kompyuta yake imekufa. Ilikuwa inalia tii-tii-tii na kioo cheusi. Nikaichomoa RAM, nikasugua meno yake ya shaba kwa kifutio, nikairudisha, ikawaka. Kifutio chenyewe nilikitoa kwenye mfuko wa shule wa Upendo asubuhi hiyo, na jioni nikamkuta mwanangu amechapwa kwa kukosa kifutio. Hadi leo ananidai.

Miaka ikaenda, Mzee Salimu akatutoka, duka likashikwa na mwanawe Hamisi, kompyuta zikatoka maofisini zikaingia majumbani. Hapo ndipo kazi ya kutengeneza ilipoanza kumezwa na kazi ya kushauri. Mtu anakuja na ombi moja: "Nataka ya kukaa nayo." Ndiyo lugha yetu. Mtu wa Babati hanunui kompyuta ya mwaka huu, ananunua ya mpaka mtoto amalize chuo. Na wengi walikuja wameshadanganywa na stika. Wanaona stika ina namba kubwa, wananunua, kumbe ni namba kubwa ya kizazi cha zamani, kama babu aliyewahi kuwa bingwa wa mbio. Nikawa nawafundisha: usisome stika, soma kizazi. Prosesa ya namba ndogo ya juzi mara nyingi inaiacha mbali ile ya namba kubwa ya miaka kumi iliyopita, na toleo jipya la mfumo wa kuendeshea kompyuta likija linaweza kuikataa ya zamani kabisa, hata kama bado ina nguvu.

Na nilikuwa na ushauri wangu mwingine, ambao ulinijengea jina. Nyote mnajua tunavyojenga nyumba huku. Mwaka huu msingi. Mahindi yakitoka, kuta. Mwaka unaofuata bati, na madirisha Mungu akijalia. Hakuna anayeona aibu kuishi miaka minne na chumba kimoja kilichoezekwa. Basi mimi nikaichukua desturi hiyo nikaiingiza kwenye kompyuta. Nikawa nawaambia wateja: prosesa ni msingi, haibadilishwi, weka pesa yako hapo. RAM ni ukuta. Nunua ndogo leo, tutaongeza baada ya mavuno. Na walikuwa wanarudi kweli, mwezi wa saba na wa nane, wamevaa vizuri, "Baba Upendo, nimekuja kuongeza ukuta." Nafungua, nachomeka, wanaondoka wanafurahi. Kwa miaka mingi ushauri huo haukuwahi kuniangusha, na ushauri ambao haujawahi kukuangusha ndio unaoacha kuukagua.

Sekunda aliingia dukani mwezi wa kwanza, anatembea kwa magongo mawili, jasho linamtoka. Anakaa Bonga, nje ya mji, na mama yake. Alisomea uchoraji wa ramani za majengo chuo cha ufundi, akawa anachorea kwenye ofisi ya mtu hapa mjini, lakini kupanda na kushuka bajaji kila siku kwa miguu ile kulimchosha. Aliamua kufanyia kazi nyumbani.

"Shikamoo, Baba Upendo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

"Nataka kompyuta ya kukaa nayo. Mama ameuza dume la ng'ombe, na hatuna dume jingine."

Nikamwuliza anachora nini. Akasema, "Nyumba. Ila mteja wa siku hizi hataki mistari. Anataka aione imesimama, aizunguke, aone mpaka rangi ya bati."

Tulikuwa na laptopu mbili zilizolingana bei, zote zimetumika kidogo nje ya nchi. Moja nene, nzito kama tofali, prosesa ya kizazi cha nyuma kidogo, RAM GB kumi na sita. Nyingine nyembamba, inang'aa, prosesa kali ya kizazi cha mbele, RAM GB nne. Sekunda aliishika ile nene. "Si hii ndiyo ina RAM nyingi?" akauliza. "Programu yangu inakula sana RAM."

Mimi nikacheka. Naomba mlione hilo, kwamba nilicheka. Nikamwambia, "Mwanangu, msingi haubomolewi. Chukua prosesa. RAM tutaongeza baada ya mavuno, uweke hata hiyo kumi na sita." Akaniuliza, "Una uhakika inaongezeka?" Nikasema, "Kompyuta gani isiyoongezeka?" Sikuifungua. Skrubu zake nyingine zilifichwa chini ya miguu ya mpira, Hamisi alikuwa hapendi mali ifunguliwe kabla haijauzwa, na mimi nilikuwa na njaa. Sina sababu nyingine ya kuwapa.

Akarudi mwezi wa saba. Mahindi yameingia ndani, uso umenawiri. Kamati ya ujenzi ya kanisa moja ilikuwa inatafuta mchoraji wa hosteli ya wasichana, ghorofa moja, na wachoraji walipewa wiki tatu kuleta picha za jengo lililosimama. Programu yake ilikuwa inafunguka, akifika kwenye paa inajifunga. "Nimechora kwa kubana kama mtu anayepika kwenye kifuniko," akasema. "Lakini sasa nimeleta pesa ya RAM. Baba Upendo, wakiikubali hii sitaomba tena kazi mjini. Kazi itanifuata Bonga." Akakaa nje kwenye benchi, anakunywa soda, anangoja.

Nikabandua miguu ya mpira. Nikafungua. Nikatafuta mahali pa kuchomekea RAM. Nikageuza. Nikawasha tochi ya simu, nikavaa miwani, nikaivua, nikaivaa. Hapakuwa na mahali. RAM yote ilikuwa vipande vyeusi vidogo vilivyoshikishwa kwa risasi ya kulehemu kwenye bodi yenyewe, tangu kiwandani. GB nne za leo, GB nne za siku zote. Nilikuwa nimesikia zipo mashine za namna hiyo. Nilikuwa nimesikia!

Nikaifunga, nikatoka nje, na mdomo ukasema kabla sijauruhusu: "RAM ya hii ni adimu kidogo. Naagiza Arusha."

"Itachukua siku ngapi?"

"Chache tu."

Akanishukuru. Alinishukuru, jamani, akaweka laptopu kwenye mkoba, akapanda bajaji.

Hamisi alikuwa amesikia. Akaniambia, "Mzee, wewe endelea kumwambia haijafika. Watu wamezoea. Akichoka atanyamaza." Nilimkemea, nikamwambia baba yako asingesema hivyo. Kisha nikafanya vilevile alivyosema. Sekunda akipiga, "Baba Upendo, imefika?" mimi, "Ipo njiani, mwanangu." Kutoka Arusha mpaka hapa basi halimalizi nusu siku, lakini RAM yangu ilikuwa njiani siku kumi na tano. Nikawa siwezi kukaa. Nikishika bisibisi naiweka. Nikienda kula narudi sijala. Siku moja nilijikuta nimesimama stendi, nimekaza macho kwenye buti ya basi, nangoja mzigo ambao sikuuagiza. Konda akaniuliza namba ya mzigo. Nikamwambia nimesahau, nikaondoka nimeinamisha kichwa.

Mnaweza kuuliza nilikuwa nangoja nini. Sijui. Nadhani nilikuwa nangoja Sekunda apate mashine nyingine kwa njia yoyote, ili jina langu lipone bila mimi kusema lolote. Mtu mzima mwenye mvi kichwani.

Aliyenikamata ni Mama Upendo. Jumatano moja simu ililia tukiwa mezani, nikasema "ipo njiani," nikakata. Akaniuliza, "Njiani wapi?" Nikajaribu kueleza habari za mizigo. Akaniuliza tena, "Baba Upendo, njiani wapi?" Nikamwambia yote. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Akasema tu, "Na kamati inakaa lini?" Nikasema Jumamosi. Akainuka, akaanza kuchomoa nyaya za kompyuta yangu ya mezani pale sebuleni, ile niliyojijengea mwenyewe kipande kwa kipande, yenye RAM ya kutosha na nafasi mbili zilizobaki wazi. "Ita bajaji," akasema.

Tukaitia kwenye makasha tukapanda bajaji, mimi nimekumbatia kioo kama mtoto mgonjwa, mpaka Bonga. Mama yake Sekunda alikuwa uani anapepeta maharage. Tukasalimiana. Sekunda akatoka, akaona makasha, akatabasamu. "Imefika?"

"Haijafika," nikasema. "Haikuagizwa. Mashine yako haiongezeki RAM. Nilikushauri vibaya."

Tabasamu likakaa kidogo usoni, kama halijasikia. "Umejua lini?"

"Siku ile ulipoileta."

"Siku ileile? Mimi nimekaa pale kwenye benchi?"

"Ukiwa umekaa pale."

Akaegemea mlango. Hakupandisha sauti. "Kuna mwenzangu niliyesoma naye, alitaka kuniazima yake wiki zote hizi. Nilimwambia asijisumbue. Nilimwambia Baba Upendo analeta RAM."

Mama yake aliacha kupepeta. Nikaingiza makasha ndani, nikaunganisha, nikamwekea programu, na skrubu ikanianguka mara mbili. Sekunda akavuta kiti, akaanza kazi saa ileile. Mimi nikawa nazunguka mle ndani, mara nashika feni nione kama inapoza, mara nachungulia waya. Akasema bila kugeuka, "Baba Upendo, kama umekuja kutembea, barabara ya Dodoma ipo hapo nje." Nikatoka.

Siku mbili na nusu hazikutosha. Jumamosi alipeleka jengo lenye kuta na paa na ngazi, zuri kweli, lakini vyumba vya ndani vilikuwa vitupu. Kamati ilimsifu. Kazi wakampa mwingine aliyeleta picha zilizokamilika, mpaka vitanda na mapazia. Na ujenzi ni wa kiangazi, mnajua. Waliotaka kujenga mwaka ule walishachukua ramani zao kwingine, na Sekunda alibaki na kazi za kuchora vibanda vya duka na choo cha shule.

Kompyuta ya mezani nilimwachia. Ile nyembamba niliichukua mimi, na ndiyo hii ninayoandikia. Nikifungua dirisha la pili inasita, nikifungua la tatu inaganda, na mimi nainuka kwenda kuangalia geti. Watu wanasema nilistaafu kwa sababu ya magoti. Magoti kweli yanauma.

Nikiulizwa leo, hivi ndivyo ninavyomwambia mtu. Kwanza niambie kazi yako, si kazi ya jirani yako. Kama ni barua na masomo ya watoto, GB nane na prosesa ya kawaida ya kizazi cha karibuni vitakufikisha mbali. Kama unachora au unakata video, RAM iwe kumi na sita tangu siku ya kwanza, na kama imeshikishwa kwenye bodi, basi nunua ya leo na ya kesho kwa pamoja, kwa sababu kesho hutaongeza kitu. Prosesa ikizidiwa kidogo, kazi itachelewa, utakunywa chai ukingoja. RAM ikiisha, kazi inakufa mikononi mwako. Na fundi akisema inaongezeka, mwambie akuonyeshe pa kuchomekea kwa macho yako, hata kama ana njaa.

Wiki iliyopita Sekunda alinipigia. Nilipoona jina lake niliinuka kitini. Kumbe binamu yake wa Bagara anataka kompyuta, ya kukaa nayo, na ameona mbili dukani. Akanisomea namba za kompyuta hizo moja baada ya nyingine. Nikamjibu nilichojua, na pale nisipojua nikamwambia sijui, zifunguliwe. Tulizungumza muda mrefu, hata tukacheka kidogo. Nilipoona anataka kukata, nikashindwa kujizuia.

"Sekunda, kwa hiyo bado unaniamini?"

Nilisikia kuku wao kwenye simu.

"Nakuamini, Baba Upendo. Ila siku hizi nauliza watu wawili."

Huyo wa pili hakumtaja, na mimi sikuthubutu kumwuliza. Lakini ni mmoja wenu, maana hapa mjini hakuna wengine. Siku akikupigia akakuuliza jambo usilolijua, mwambie hujui. Na ukigundua ulimwambia uongo, usingoje basi la Arusha. Mwambie akiwa bado amekaa kwenye benchi.